Kichupa Kisicho na Uzi

Kwa watu wengine, kichupa cha dawa ya macho kikiisha ni takataka. Kwa Soli, hapo ndipo kilipoanza kazi.

Kibanda chake cha viatu kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ofisi, mahali ambapo mjenzi alisahau kuweka kitu kingine. Dari lake lilikuwa ngazi zenyewe, zikishuka kutoka urefu wa mtu hadi urefu wa goti, kwa hiyo viatu vilivyosubiri wenyewe vilirundikwa kule ndani kwenye uvungu, na fundi akakaa huku mbele penye mwanga. Kuanzia saa mbili asubuhi watu walipita juu ya kichwa chake, ko-ko-ko, naye bila kuinua uso humwambia binti yake, "Huyo kisigino cha kulia kimelika upande. Wiki hii hii atatuletea." Na wiki hiyo hiyo mtu analeta.

Jina la Soli hakupewa na mzazi. Miaka arobaini ya kubandika soli za watu ililimeza jina lake la kuzaliwa, likabaki kwenye kadi ya hospitali tu. Hata huko, nesi akiliita mara tatu, mwenyewe hutulia kwenye benchi akimsikitikia huyo mgonjwa asiyejitokeza, mpaka binti yake amguse bega.

"Ni wewe, baba."

"Mimi? Haya."

Binti naye alikuwa na lake. Tangu ajue kukaa, alikaa nyuma ya miguu ya baba yake akichezea vipande vya ngozi, wakamwita Kisigino. Sasa alikuwa na miaka thelathini na miwili, kidole gumba kina sugu kama jiwe la mtoni, na kibanda alikuwa akikiendesha yeye.

Habari ya vichupa ni hii. Ile gundi kali, inayoshika kabla hujamaliza kusema imeshika, huuzwa kwenye chupa yenye mdomo mpana. Ukiimimina kwenye ufa wa soli inafurika, inachafua ngozi, inakubandika vidole mpaka uvitenganishe kwa wembe. Kichupa cha dawa ya macho kina mdomo mwembamba. Ukikibinya kinatoa tone moja, pale unapolitaka, kisha kinanyamaza. Soli aligundua hilo akiwa bado kijana, sindano ya cherehani ilipovunjika ndani ya soli nene na ncha yake ikaruka ikamwingia jicho la kushoto. Jicho lilikwenda. Vichupa vya dawa vikabaki, akavijaza gundi.

"Lililobaki ni la kazi," alikuwa akiwaambia wateja. "Lile lililokwenda lilikuwa la kutazama wanawake, na mimi nilishaoa."

La kazi lilimdumu miaka mingi. Halafu chembe ya jiwe la kunolea ikaruka, ndogo kama punje ya chumvi, ikakwangua kioo cha mbele cha jicho, kile ambacho madaktari hukiita konea. Soli hakwenda hospitali. Alikwenda dukani, akanunua dawa ileile iliyomponya jirani yake, na siku ya pili wekundu ukaisha. Akafurahi. Akaendelea kuitia mwezi mzima, huku kidonda chini yake kikila taratibu, maana dawa ile ilikuwa ya kutuliza tu, si ya kuua wadudu. Alipofika kwa daktari, konea ilikuwa imepona kwa kovu jeupe zito, kama kioo cha dirisha la bafu. Akabaki anaona mwanga na vivuli. Miaka mitatu.

Miaka hiyo mitatu ndiyo iliyozaa sheria ya uzi. Kwa kuwa gundi na dawa sasa vilifanana mkononi mwake, kila kichupa cha gundi kilifungwa uzi mwekundu wa nta, mizunguko mitatu shingoni. Chenye uzi, cha kiatu. Kisicho na uzi, cha jicho. Soli alikuwa akikipapasa kichupa kwa gumba, anatikisa kichwa, anaendelea na kazi, na watu walisimama ngazini kumtazama kipofu akibandika soli bila kumwaga hata kidogo.

Mtoto wake wa kwanza hakupendezwa. Huyo ni kaka yake Kisigino, mwenye suti na gari, ambaye baba yake alimwita Meneja muda mrefu kabla hajawa meneja wa kitu chochote. Siku moja alipita, akaviona vichupa, akasema mbele ya wateja, "Baba, ipo siku hivi vidude vitamwumiza mtu."

"Wewe uliukimbia msharasi wa kutobolea ngozi ukiwa na miaka kumi na minne, kisa umekutoboa kidole," Soli alimjibu. "Usije hapa kunifundisha kuogopa."

Wateja walicheka mpaka wakashika ukuta. Meneja hakucheka. Alisimama na tabasamu lililogoma kutoka, akapanda garini.

Kisha simu ikaja kutoka hospitali ya macho. Konea imepatikana. Mtu fulani amekufa, na watu wake wamekubali. Jina hawakutaja, walisema tu waje leo hii, na mgonjwa asile kitu.

Walimshona nyuzi kumi na sita kuzunguka mboni, nyembamba kuliko unywele. Bandeji ilipotolewa kesho yake, Soli alifungua jicho, akamtazama daktari, mwanamke kijana mwenye vazi la kijani, akavikagua vidole vyake hata nesi akaanza kupata wasiwasi.

"Unaona, mzee?"

"Naona. Ni wewe uliyeshona?"

"Ni mimi."

"Unatumia uzi namba ngapi?"

Daktari alicheka, akamjibu namba. Soli akaguna kwa heshima, kama fundi anavyomgunia fundi mwenzake.

Masharti yalikuwa mengi. Asiiname. Asilifikiche jicho. Alale na ngao ya plastiki. Dawa ya matone kila baada ya saa mbili, aina mbili kwa kupishana, moja ya kuzuia wadudu na nyingine ya kuushawishi mwili usiikatae konea ya mgeni. Meneja akasema baba atakaa kwake, kwenye nyumba yenye marumaru, isiyo na vumbi. Kisigino hakubisha. Chumba chake yeye kilikuwa juu ya karakana ya seremala.

Wiki ya kwanza Soli alifurahi. Wiki ya pili alianza kuuliza viatu vya nani vimekuja. Wiki ya tano Kisigino alimkuta amekaa kwenye kochi lilelile, kwenye alama ileile ya makalio yake, wifi amewasha televisheni kwa heshima yake, naye ameielekezea kisogo.

"Unatazama nini, baba?"

"Pazia. Lina mshono mbaya pale chini, hebu angalia. Mtu ameruka tundu." Akashusha sauti. "Mwanangu, mimi nimerudishiwa jicho nitazame pazia?"

Siku ya kliniki Kisigino alimwuliza daktari kama mzee anaweza kwenda kukaa kibandani. Daktari alifikiri. "Akae tu. Asifanye kazi, miwani asivue, na dawa isipitilize muda." Kisigino akampelekea kaka yake maneno hayo kama yalivyo, hakupunguza wala hakuongeza.

"Hapana," Meneja alisema.

"Daktari kasema—"

"Daktari hawajui nyie. Mimi nawajua."

Asubuhi ya Jumatatu Meneja alipokwenda kazini, Kisigino alikwenda na teksi, akambeba baba yake.

Alikaa kibandani siku tisa, usiku akilala chumbani kwa binti yake. Siku ya kwanza hakugusa chochote. Aliketi kwenye kigoda chake akiwa na miwani mikubwa ya plastiki iliyomfanya aonekane kama mwogeleaji aliyepotea njia, akachukua kiatu kimoja kutoka kwenye rundo la vilivyokwisha kushonwa, akakisogeza karibu na pua.

"Huu mshono wako?"

"Wangu."

Kwa miaka mitatu alikuwa akiupima kwa gumba. Sasa aliufuata kwa jicho, tundu kwa tundu, kuzunguka kiatu kizima. Kisigino alijitia kutafuta nyundo ambayo ilikuwa mkononi mwake.

"Unashona kama mtu anayechelewa harusini," Soli alisema mwishowe. Akakizungusha tena. "Lakini hapa kwenye kona umenipita."

Kisigino akagonga msumari uliokwisha kuingia. Baba yake akakiweka kiatu chini, akageuka kumtazama yeye, na akamtazama vilevile, tundu kwa tundu.

"Umezeeka."

"Miaka mitatu, baba. Ulitaka nikusubiri?"

"Unafanana na marehemu mama yako akiwa amenikasirikia."

"Basi umeniona nikiwa hivyo mara nyingi."

"Mara nyingi," Soli alisema, na akacheka, akajizuia ghafla kwa kuogopa nyuzi za daktari.

Siku ya nne alikuwa ameshika nyundo. Kisigino akamnyang'anya. Siku ya tano akamkuta anapaka nta kwenye uzi, akaona hiyo si kazi ya kumwua mtu, akamwacha. Siku ya sita alimkuta amekata uzi mwekundu kwenye kichupa cha gundi.

"Baba. Uzi."

"Uzi ni wa kipofu. Mimi naona."

"Basi ufunge kwa ajili yangu."

"Wewe nawe kipofu?"

"Mimi mwoga. Funga."

Akaufunga, mizunguko mitatu, huku akinung'unika kwamba siku hizi mtu anazaa kiranja. Kwa kweli alikuwa bado haoni vizuri vya karibu. Daktari alikuwa amemwambia jicho litachukua mwaka kutulia, kwamba nyuzi zinavuta huku na huku na maandishi madogo yatamchezea. Ila mtu aliyekaa miaka mitatu kwenye vivuli, akiona rangi ya kifungo cha shati lake huwa anadhani ameona kila kitu.

Siku ya tisa alikuja mwalimu. Alikuwa mteja wao wa siku nyingi, mama mnene mwenye sauti ya kuzoea watoto sitini darasani, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kwa upana wa vidole vitatu. Soli ndiye aliyekuwa akimjengea viatu vyenye soli iliyonyanyuliwa upande mmoja, kwa ustadi ambao uliwafanya watu wapya shuleni wasijue mpaka wamwone anavua. Safari hii mguu ulikuwa umevimba, ilibidi upimwe upya. Kisigino alipiga magoti, akatandaza karatasi sakafuni, akamwambia mwalimu asimame sawasawa, akaanza kuuzungusha mguu kwa kalamu.

Simu yake ikalia mezani. Saa nne. Dawa.

"Kisigino, saa yangu hiyo," Soli alisema.

"Ngoja kidogo, baba. Nikiinua kalamu hapa naharibu."

"Wewe endelea. Nitatia mwenyewe, mimi si mtoto."

"Nimesema ngoja, namaliza."

"Mwache mzee ajitegemee," mwalimu akasema kwa utani. "Kwangu watoto wa darasa la kwanza wanajifunga viatu wenyewe."

Kisigino alicheka. Kalamu yake ilikuwa imefika kwenye kidole kidogo. Alisikia kigoda kikilia baba yake alipojiegemeza nyuma, akasikia miwani ikiwekwa mezani. Alikuwa amebakiza upana wa vidole vinne tu kuufunga mchoro. Akaufunga.

"Kisigino."

Sauti ilikuwa ya kawaida. Hiyo ndiyo iliyomtisha.

"Nimekosea chupa."

Alipoinuka, baba yake alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha. Kope za jicho la kulia zilikuwa zimeshikana. Mezani mbele yake kulikuwa na kichupa, na shingo yake ilikuwa tupu. Alikijaza mwenyewe asubuhi ile, Kisigino alipokwenda kununua ngozi, na hakukifunga uzi. Kile cha dawa kilikuwa kwenye kikombe chake cha bati juu ya rafu, palepale kilipokaa kila siku.

Mwalimu, akiwa na kiatu kimoja, aliruka kwa mguu mrefu mpaka kwenye ndoo ya maji. Walimlaza, wakammwagia, kikombe baada ya kikombe, maji yakalowesha viatu vya watu, karatasi yenye mguu ikageuka uji. Kope hazikuachana. Soli hakulia wala hakulalamika. Ndani ya teksi aliushika mkono wa binti yake, akaubinya.

"Inauma sana?"

"Usimwambie kaka yako kwamba ni mimi."

"Baba, hayo tutayasema baadaye."

"Usimwambie." Akaubinya tena. "Atanicheka. Hatacheka kwa mdomo, yule hacheki kwa mdomo. Kisha ataniweka mle ndani, nisishike hata kijiko. Mwanangu, niapie."

Kisigino akaapa. Jicho lilikuwa la baba, na aibu ilikuwa ya baba, na saa ile angeapa chochote.

Hospitalini nesi aliuliza, kalamu juu ya fomu, "Nani aliyetia gundi?"

"Tulikosea," Kisigino alisema.

Nesi aliandika. Meneja, aliyefika akihema na tai imekaa begani, aliisoma fomu ile juu ya bega la nesi, akamtazama mdogo wake mara moja tu. Hakuuliza kitu. Alikuwa ameshajijibu.

Daktari alichukua saa nzima kuzifungua kope na kuibandua ile gundi iliyoganda juu ya konea kama gamba. Gamba lilitoka na ngozi ya juu ya konea, likang'oa nyuzi nne. Alizishona tena. Kwa siku tatu alisema kuna matumaini. Siku ya nne wadudu waliingia kwenye kidonda. Ikawa dawa kila saa, usaha, maumivu ya kichwa yaliyomfanya Soli auegemeze uso ukutani, kisha mishipa midogo ya damu ikaanza kutambaa kutoka pembeni kuelekea katikati ya jicho. Wiki ya tatu daktari aliketi kitandani mwa Soli, jambo ambalo madaktari hawalifanyi wakiwa na habari njema.

"Mzee, konea imekufa."

"Nimeona," Soli alisema, halafu akasikia alichokisema, akatabasamu vibaya.

"Nyingine?" Kisigino aliuliza. "Tukisubiri tena?"

"Mishipa imeshaingia. Tukipandikiza nyingine, mwili utaijia juu na kuikataa. Sitaki kuwadanganya." Akainamisha kichwa. "Ilikuwa konea nzuri. Ya mtu mwenye miaka ishirini na sita."

Hakuwa amelaumu, ilimtoka tu. Lakini Kisigino alitoka nje, akaenda kusimama kwenye veranda wanakoanika mashuka. Miaka ishirini na sita. Mahali fulani palikuwa na mama aliyetia sahihi karatasi akijiambia kwamba kuna kitu cha mwanawe kitakachoendelea kutazama jua. Aliyaegemeza macho kwenye shuka lililolowa, akamwomba msamaha mtu yule asiyemjua, mara nyingi, kwa sauti, mpaka mfua nguo mmoja akamwuliza kama amefiwa.

"Ngoja kidogo, baba." Hayo ndiyo maneno yaliyokuwa yakimfuata. Asubuhi akipaka nta anayasikia, jioni akifunga kibanda anayasikia. Kalamu ingeharibu nini? Karatasi moja. Lakini hata alipojiweka kitimoto mwenyewe, akajiuliza na kujijibu pasipo kujionea huruma, hukumu ilitoka nusu: alisema ngoja, na baba hakungoja. Mtu mzima, mwenye mikono yake, aliyeambiwa uzi akaona uzi ni wa vipofu.

Mwalimu, aliyepimwa mguu upya, alikuja kuchukua viatu vyake. Alivivaa, akatembea hatua tatu, akarudi, akakaa.

"Nasikia kaka yako anasema ni wewe uliyemtia."

"Anasema."

"Mimi nilikuwepo. Nilimwona mzee kwa macho yangu mawili. Nipe namba ya huyo kaka."

"Hapana, mwalimu."

"Utabeba mzigo wa mtu?"

"Sijaubeba. Nimenyamaza tu."

"Kwa wanaokutazama ni kitu kimoja," mwalimu alisema, akaondoka akiwa amekasirika, akitembea sawasawa kabisa.

Kikao kiliitwa Jumapili mchana, nyumbani kwa Meneja. Aliyekiita hasa ni shangazi, dada yake Soli, ambaye alisafiri na mfuko wa nguo mbili kuonyesha kwamba hataondoka jambo halijaisha. Soli alikuwa kwenye kochi, kwenye ile alama yake, na miwani myeusi. Wifi aliweka chai mezani na hakuna aliyeigusa. Meneja alikaa mbele kwenye kiti cha mbao, viwiko magotini. Alikuwa amekonda. Kisigino aliliona hilo na likamuuma, maana alikuwa amejiandaa kumchukia.

"Mimi sina maneno mengi," Meneja alisema. "Nilisema vile vichupa vitamwumiza mtu. Nikachekwa. Nilisema baba asiende kibandani. Ikaletwa teksi nikiwa kazini. Sasa baba yetu haoni, na hataona tena. Sitaki mtu afungwe, sitaki mtu apigwe. Nataka dada yangu aombe radhi hapa, mbele ya baba, mbele ya shangazi. Kisha kibanda kifungwe, baba akae kwangu, naye awe anakuja kumwona kama mtoto yeyote."

"Na asipoomba?" shangazi aliuliza.

"Basi asije."

Jokofu lilinguruma jikoni, likakoma.

Kisigino alimtazama baba yake. Alimtazama kwa subira yote aliyonayo, kama mtu anayemngoja mtoto amalizie sentensi. Hakuhitaji mengi. Maneno mawili tu, yaleyale aliyoyasema kibandani siku ile kwa sauti ya kawaida. Gumba la Soli lilikuwa likipapasa mshono wa kochi, linakwenda, linarudi. Midomo yake ilifunguka. Kisha midomo ikafungika, na Soli akageuza uso kuelekea dirishani, kule ulikokuwa mwanga.

Hapo ndipo lilipomwingia. Siku ile hospitalini lilikuwa halijamwingia, wala kwenye veranda ya mashuka. Angemnyamazia. Mzee huyu, aliyemfundisha kushika uzi kabla ya kushika kijiko, angekaa pale na kumwacha abebe, na kesho angemwita mwanangu vilevile, na mapenzi yake yangekuwa ya kweli vilevile. Alikuwa anaogopa. Alikuwa amebakiwa na heshima ya fundi tu, na hakuwa tayari kuitoa.

"Mwanangu," shangazi alisema, akisogea karibu, akimshika goti. "Mimi nakujua huna roho mbaya. Sema tu neno moja, yaishe. Radhi haiuzwi. Unatamka, tunakunywa chai, kila mtu anarudi kwake."

"Kweli wifi," wifi alisema taratibu. "Mkono umeteleza, ni bahati mbaya. Nani hajui?"

Neno moja. Kisigino aliligeuza mdomoni. Lilikuwa jepesi, lingetoka bila shida, na Jumapili ijayo angekuja kukaa hapa kwenye zulia, nyuma ya miguu ya baba yake, amsomee magazeti. Asipolisema, hatakuja. Baba yake angekaa kwenye kochi hili mwaka baada ya mwaka akiyasikiliza mapazia, bila mtu wa kumwambia ni viatu vya nani vimeletwa. Na lipo neno jingine, jepesi vilevile, la kweli, ambalo lingemnyoosha kaka yake papo hapo. Mwalimu angekuja kulitolea ushahidi hata leo. Alikuwa ameapa, lakini si kiapo kilichomzuia. Alimwona baba yake ameinua mabega kidogo, shingo imeingia ndani, kama mtu anayesubiri kupigwa na hajui kipigo kitatoka upande gani.

Aliyakumbuka maneno "unashona kama mtu anayechelewa harusini." Alikumbuka jicho likimpitia usoni. Siku tisa. Kwenye kochi hili zisingekuwepo.

Akasimama. Alichukua kikombe cha chai, akakiweka mkononi mwa baba yake, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja kuzunguka mpini mpaka akawa na hakika kwamba kimeshikwa. Mkono wa Soli ulimng'ang'ania. Kisigino aliutoa taratibu.

"Baba, nakwenda kufungua kibanda kesho," alisema. "Viatu vya mwalimu vimekaa vizuri."

Soli aliitikia kwa kichwa. Chini ya miwani myeusi shavu lake lilikuwa limelowa.

"Hatujamaliza," Meneja alisema. "Nakuuliza mbele ya wazee. Unaomba radhi au huombi?"

"Kaka, umekonda. Ule," Kisigino alisema, akichukua mkoba wake. "Na kila baada ya saa mbili mfuteni hilo jicho kwa maji yaliyochemshwa, linatoa uchafu. Siombi radhi."

"Umesema nini?"

"Siombi radhi. Wala leo, wala siku nyingine. Siombi."